Marubani wa Asilimia Mia Moja

Napenda kuutangazia umma, kwa niaba ya Mkurugenzi wetu na kwa unyenyekevu unaolingana na ukubwa wa jambo lenyewe, kwamba kufikia mwezi Juni ofisi yetu ilikuwa na marubani wanne wa helikopta waliofuzu, na mmoja aliyekuwa chini ya uangalizi. Helikopta yenyewe ilikuwa bado. Lakini mtu mwenye mipango hununua kitanda kabla ya kuoa, na ofisi makini huanza na marubani.

Mimi naitwa Isakwisa, Katibu wa Kitengo cha Helikopta na Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Uhalisi. Jina la ofisi siliandiki hapa, maana kulitaja kunahitaji kibali, na mwenye kutoa kibali nilikuwa mimi, na sikuwahi kujiombea.

Chanzo cha yote ni Bonde. Mvua zikianza, barabara inayoteremka kutoka huku juu Ufipa kwenda vijiji vya Ziwa Rukwa hukatika, na mgonjwa wa kule chini hubaki kule chini. Makao Makuu yakaahidi helikopta ya kuwapandisha wagonjwa. Wakatanguliza kifaa cha mafunzo: kompyuta, skrini pana, fimbo ya kuongozea, mkono wa kupandishia na kushushia, pedali mbili za miguu, na ndani yake gemu ya kurusha ndege. Barua yake ilisema watumishi wafanye mazoezi ya awali, ili apatikane mmoja wa kwenda chuoni kusomea urubani. Mkurugenzi aliisoma mpaka kwenye neno "urubani", akaona inatosha.

Naomba msituite wacheza gemu. Vijana wa mtaa wa Chanji ndio wanaocheza gemu, tena wanakunywa soda huku wanacheza. Sisi tulikuwa na zoezi la kitaasisi, na soda ilinywewa kikaoni tu.

Mkurugenzi wetu, Bwana Ezekiel, ni mtu wa Mbeya kama mimi. Ana sauti ya ufunguzi wa semina hata anapoomba chumvi. Siku kifaa kilipofunguliwa alinishika bega.

"Isakwisa, nataka uhalisi. Mtu akiingia humu ndani aone ndege."

Nikaunda kamati, ikakaa siku tatu. Tulishona ovaroli za rangi ya chungwa. Tulifunga kiti kwa mkanda wa kamba ya manila, na chini yake dereva wetu Oswaldi akaweka springi za gari letu lililokufa, ili rubani atikisike kwa kiwango cha kitaifa. Tuliamua dirisha liwe wazi wakati wote wa safari kwa ajili ya upepo, na kwa baridi ya Sumbawanga ya mwezi wa sita, marubani wawili walipata mafua ya kikazi. Hakuna aliyeruhusiwa kuruka bila dokezo lenye sahihi tatu. Abiria walipewa tiketi. Kwa nje, hakuna kitu cha uongo kilichobaki kwenye chumba kile.

Ndani ya gemu ndiko kulikotokea utovu wa nidhamu.

Siku ya uzinduzi Mkurugenzi alivaa ovaroli, akafunga mkanda, akavuta mkono wa kupandishia. Helikopta ikainuka kimo cha mtu, pua ikageuka kulia, ikaendelea kugeuka, ikazunguka mara tatu, kisha ikajilaza kwa ubavu ikavunjika mapanga. Watumishi wote tulipiga makofi kwa sababu tulikuwa tumeagizwa kupiga makofi. Mkurugenzi alifungua mkanda, akashuka kitini.

"Hii mashine imelelewa vibaya," alisema.

Nilikesha na kitabu cha maelekezo. Kumbe gemu ina ukurasa wa mipangilio, na ndani yake mna kipimo kinachoitwa Msaada wa Udhibiti, kuanzia sifuri hadi mia. Ukiweka sifuri, helikopta inakuwa kama ya kweli: ukiinua, mwili wake unataka kuzunguka, nawe uukatalie kwa pedali, ukiukatalia, inateleza pembeni, ukiirudisha, inashuka. Mikono miwili na miguu miwili, vyote vinafanya kazi pamoja. Ukiweka mia, ndege inajiweka sawa yenyewe, nawe unashika fimbo kwa heshima tu.

Asubuhi nikamweleza bosi.

"Mkuu, mtambo haukuwa na taarifa za cheo chako."

Akanielewa mara moja. Mkurugenzi habebi begi lake, hafungui mlango wa gari, haandiki barua zake. Itakuwaje afike angani, mahali pa hatari kuliko ofisini, ndipo aachwe ashike kila kitu peke yake kama kibarua? Siku hiyohiyo tukatoa Waraka wa Mgawanyo wa Msaada. Mkurugenzi, asilimia mia. Katibu, themanini. Janeth wa ununuzi, sitini. Oswaldi dereva, thelathini, kwa kuwa dereva wa serikali ana stahili ya utingo kwenye safari ndefu.

Waliobaki walikuwa Otilia.

Otilia alikuwa mhudumu wa ofisi. Mzaliwa wa kijiji cha Kate, mama wa watoto wawili wanaosoma hapa mjini, amepanga chumba na sebule kule Chanji, na yuko kwenye mkataba wa muda ambao umekuwa wa muda kwa miaka sita. Alifagia, alipeleka mafaili, alijua funguo zote. Mkurugenzi alitaka taarifa isomeke kwamba watumishi wote, kwa asilimia mia, wamefuzu. Kwa hiyo naye alipaswa kuruka. Ila muundo wa utumishi hautambui msaidizi wa mhudumu. Tulipekua miongozo yote na hatukuona. Tukaandika sifuri.

Kifungu cha tisa cha waraka nilikitunga mimi mwenyewe, na kusema kweli nilikipenda. Kilisomeka: "Mtumishi ambaye hadi tarehe thelathini Juni hatakuwa ametua salama mara tatu, atahesabika amejiondoa kazini mwenyewe." Mkurugenzi alikisoma mara mbili akasema kina meno. Tukatuma nakala Makao Makuu ili ofisi nyingine zijifunze.

Otilia alipangiwa kifaa saa ya chakula cha mchana, wakati wenye stahili wameenda kula. Siku ya kwanza alianguka mara kumi na moja. Nilirudi kuchukua koti nikamkuta bado amefungwa mkanda wa manila.

"Kaka Isakwisa, hii ya kwangu inazunguka. Ya bosi mbona haizunguki?"

"Ya bosi ina msaada."

"Na mimi si mniwekee?"

"Dada Otilia, huna stahili."

"Hata kidogo?"

"Kidogo hakipo kwenye muundo."

Akaitazama helikopta yake iliyokuwa chali kwenye skrini, katikati ya uwanja.

"Kwa hiyo asiyejua ndiye anayeachwa peke yake," alisema. "Basi hicho kifungu cha tisa mmeniandikia mimi. Semeni tu."

Nilimweleza kwamba sheria haina uso wa mtu. Nilijisikia vibaya kidogo, nikaenda kula.

Wakati huo marubani wengine tulikuwa tunapaa kwa kasi. Nilitua mara tatu kwa wiki moja huku nimekunja mguu. Janeth alitua huku anajibu simu ya mzabuni. Ila hakuna aliyemfikia Mkurugenzi. Tarehe ishirini na mbili Mei aliondoka Sumbawanga kwenye skrini, akaelekea kusini, na alipofika juu ya Laela akasinzia. Oswaldi alitaka kumwamsha, nikamzuia, maana rubani hasumbuliwi akiwa kazini. Baada ya dakika arobaini Mkurugenzi aliamka akajikuta ametua Sumbawanga, ndege imezimika yenyewe kwa adabu. Simjui rubani mwingine nchini aliyefanya hivyo.

Tulichapa vyeti. Vilikuwa na nafasi ya jina, nafasi ya picha, na nafasi ya asilimia. Hatukukubaliana ni asilimia ya nini, tukajaza zile tulizokuwa nazo. Cha bosi kikasomeka RUBANI KAMILI, ASILIMIA MIA MOJA, na muhuri juu yake. Nakala zikaenda Makao Makuu kwa basi la usiku.

Otilia hakupata cheti. Alinunua daftari la shule, akawa anaandika kila anguko: tarehe, kimo, na kosa. Siku moja nilichungulia. "Nimekanyaga pedali nimechelewa." "Nimerekebisha kosa kwa kosa kubwa zaidi." "Nimeogopa." Nilimshauri kwa nia njema kwamba mtumishi haweki ushahidi dhidi yake mwenyewe kwa mwandiko wake.

"Nisipoandika nitakosea lilelile kesho," alinijibu.

Katikati ya Juni nilisikia kimya kisicho cha kawaida kutoka chumba cha kifaa. Nikasukuma mlango. Helikopta ya Otilia ilikuwa imesimama hewani, mita tatu juu ya nyasi, haiendi popote. Mikono yake ilionekana kama haifanyi kitu.

"Umewasha msaada?" nilimuuliza kwa ukali.

"Tazama mwenyewe."

Nilitazama. Sifuri.

"Nimegundua si ya kushikwa kwa nguvu," alisema bila kunitazama. "Ni kama kupepeta ulezi. Ukitikisa sana, ulezi unamwagika na makapi. Ni kiwiko kidogo, kiganja kidogo. Unasikiliza ungo unataka kwenda wapi, unauwahi."

Nikamwonya kwamba katika ofisi ya usafiri wa anga, tena Sumbawanga, neno ungo halitamkwi bila kibali cha maandishi. Watu wana midomo, na wachawi nao husemwa huruka kwa ungo. Aliangua kicheko, na helikopta ikaanguka.

Tarehe ishirini na tatu alitua mara ya kwanza. Tarehe ishirini na sita akatua ya pili. Ilibaki moja, na siku nne.

Ndipo barua ikaja kwamba helikopta inaletwa. Makao Makuu yalikuwa yameona vyeti vyetu, yakaona hakuna sababu ya kusubiri chuo. Mkurugenzi aliisoma barua ile akiwa amesimama, kisha akaketi. Aliagiza mapokezi ya kihistoria. Kifaa cha mafunzo kikapigwa rangi, kikavishwa utepe, mlango ukafungwa.

Otilia alinifuata kwenye korido, ufagio mkononi.

"Kaka, nusu saa tu. Nimebakiza kutua mara moja."

"Kifaa kimevishwa utepe, dada."

"Nitaufungua taratibu, nitaurudisha kama ulivyokuwa."

"Utepe unakatwa na mgeni rasmi. Haufunguliwi."

"Ikifika tarehe moja sina kazi. Watoto niwaambie nini, kwamba mama yenu ameshindwa na utepe?"

Nilimwambia aandike dokezo.

Helikopta ilitua kwenye uwanja wa mpira tarehe ishirini na tisa, saa nne asubuhi. Upepo wake ulibeba kofia, tenti moja, na hotuba yangu ya ukaribisho yenye kurasa sita. Mji mzima ulikuwepo. Akashuka mama mfupi wa miaka hamsini na kitu, amevaa sweta chini ya koti. Alikuwa Nahodha Sayi, rubani na mwalimu wa marubani. Alimpa Mkurugenzi mkono na karatasi.

"Nimeambiwa hapa kuna rubani wa asilimia mia," alisema. "Hata mimi sijawahi kufika huko. Kesho narudi kwa basi, chombo nakuachia. Lakini kabla sijasaini makabidhiano turuke kidogo. Wewe utaongoza, mimi nitakaa pembeni nitazame."

Mkurugenzi alitabasamu kwa meno yote.

"Kwa mujibu wa itifaki," alisema, "kiongozi haendeshi kitu anachokipokea."

Akatoa kalamu, akaandika dokezo juu ya mgongo wangu, akaniteua mimi kuwa Kaimu Rubani. Niliitazama ile helikopta, nikaona haina ukurasa wa mipangilio. Nikaandika dokezo la kumkaimisha Janeth. Janeth akasema kazi yake ni kupokea vitu, siyo kuvirusha, na chombo hakijaingia kwenye leja ya stoo, akamkaimisha Oswaldi. Oswaldi akaonyesha leseni yake, abiria wasiozidi kumi na tano, magurudumu yakiwa chini. Akamkabidhi Otilia kile kibunda cha madokezo. Otilia aligeuka nyuma kutafuta mtu wa kumpa, akaona goli tu.

Akamwendea Nahodha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye rubani?"

"Hapana. Mimi mhudumu wa ofisi. Urubani nimepewa sasa hivi."

"Unajua kurusha hii?"

"Hii sijui. Hii ya kweli ina watu ndani. Ya kwenye kompyuta nimetua mara mbili."

"Umeanguka mara ngapi?"

"Mia mbili kumi na nne."

Mkurugenzi alikohoa kwa nguvu ili Nahodha asisikie tarakimu. Nahodha alikuwa amesikia.

"Msaada umeweka ngapi?"

"Sikupewa. Kwa cheo changu ni sifuri."

Nahodha Sayi akavua miwani.

"Tangu lini?"

"Tangu Aprili."

"Na unaanguka kwa sababu gani?"

"Mwanzo nilikuwa napambana nayo. Ikienda kulia naisukuma kushoto kote. Siku hizi naanguka nikikaribia chini. Nikiiona ardhi naiharakia."

"Hata mimi nilikuwa naiharakia," Nahodha alisema. "Panda."

Waliinuka. Nahodha aliipeleka juu upande wa pili wa uwanja, mbali na watu, akaituliza. Kisha tukaiona inayumba, mkia unatafuta njia, unarudi, unatafuta tena. Mikono ilikuwa imebadilika, kila mtu alijua. Halafu ikatulia. Oswaldi alihesabu kwa sauti, na watu wakaanza kuhesabu pamoja naye. Walifika ishirini na tatu. Kutua walitua wote wawili wameshika, lakini gurudumu la kwanza lilipogusa nyasi, Nahodha alikuwa ameinua mikono yake juu kidogo, na kila aliyekuwa pale aliiona. Akina mama wa sokoni walipiga vigelegele. Nami nilipiga makofi, na safari hii hakuna aliyekuwa ameniagiza.

Vigelegele vile ndivyo vilivyotuponza. Mkurugenzi alivisikia akaona vimekwenda anuani isiyo yake.

"Ukaimu umetenguliwa," alitangaza, akapanda ngazi. "Isakwisa, kaa nyuma uandike muhtasari."

Nikakaa nyuma nikavaa vile vitu vya masikioni. Nahodha aliinua ndege taratibu, akafika kimo kilekile, akasema, "Haya, ni yako."

"Msaada uko wapi?" Mkurugenzi aliuliza.

"Msaada gani?"

"Kile kitufe. Mimi ni wa mia."

"Hapa hakuna kitufe, Mkurugenzi. Hapa uko wewe."

Alishika fimbo namna anavyoshika kipaza sauti, akaisukuma. Uwanja ulihama. Niliona goli kupitia dirishani, kisha nikaliona kupitia dirisha la juu, ambako si mahali pa goli. Mkurugenzi aliachia kila kitu akakumbatia mkono wa Nahodha, ambaye kwa mkono uliobaki aliirudisha ndege mahali pake, bila kupandisha sauti. Muhtasari wangu wa kikao kile ninao hadi leo. Ajenda ya kwanza: kufungua kikao. Ajenda ya pili: Mama yangu.

Tulipotua, bosi alishuka amenyooka akawaambia waandishi kwamba upepo wa siku ile haukuratibiwa vizuri.

Nahodha hakusaini makabidhiano. Alisema chombo kitabaki nasi na yeye atabaki na chombo, akaenda kutafuta chumba.

Mnaweza kudhani jambo la Otilia lilikuwa limekwisha. Nami nilidhani. Lakini mkubwa akiaibika hutafuta karatasi. Tarehe moja Julai asubuhi Mkurugenzi aliniita, waraka mezani, kidole kwenye kifungu cha tisa.

"Kwenye kifaa ametua mara ngapi?"

"Mbili, mkuu. Lakini juzi uwanjani..."

"Nimeuliza kwenye kifaa."

Nikachapa barua. Nilisaini kama Katibu, Mkurugenzi akasaini juu yangu, na Janeth na Oswaldi wakasaini kama mashahidi. Otilia aliisoma akiwa amesimama. Hakulia. Alitoa funguo zote mfukoni akazipanga mezani kwangu, mmoja mmoja, akinitajia ni wa mlango gani.

"Kaka, uliniona kwa macho yako."

"Nilikuona, dada. Lakini nilikuona nje ya kifaa."

Hiyo ndiyo sentensi niliyoitoa kinywani mwangu. Nimeshika nafasi za utumishi kwa miaka kumi na tisa, na sijawahi kuona aibu kama ile. Alipoondoka nilikaa nikizitazama funguo, sikuweza kwenda kula.

Majibu ya Makao Makuu yalikuja tarehe kumi na nne, pamoja na taarifa ya Nahodha Sayi. Yalianza kwa kutupongeza kwa kifungu cha tisa, ambacho walisema ni kizuri na wamekitumia. Kisha yakaendelea. Ndege iliyojitua yenyewe kwa msaada, hicho ni kitendo cha ndege, siyo cha mtumishi. Kwa hesabu hiyo, hadi tarehe thelathini Juni, Bwana Ezekiel alikuwa ametua mara sifuri. Katibu, sifuri. Afisa ununuzi, sifuri. Dereva, sifuri. Otilia, mbili kwenye kifaa na moja uwanjani mbele ya umma, jumla tatu. Hivyo basi ofisi inajulishwa kwamba watumishi wake wanne walijiondoa kazini wenyewe usiku wa tarehe thelathini. Kuhusu barua ya tarehe moja Julai ya kumwachisha kazi Otilia, haikuwa na nguvu yoyote, kwa kuwa siku hiyo hakuna hata mmoja wa waliosaini aliyekuwa mtumishi.

Niliisoma mara tatu kutafuta kosa. Nilikuwa nimekiandika vizuri mno kile kifungu.

Makao Makuu hayana roho mbaya. Yalitupa nafasi: atakayetua mara tatu, msaada ukiwa sifuri, mbele ya msimamizi wa kifaa, atarudishiwa nafasi yake. Msimamizi wa kifaa ni Otilia, hadi Septemba atakapokwenda chuoni. Saa za mazoezi alizipanga yeye: saa ya chakula cha mchana. Dirisha alilifunga, springi akazitoa, ovaroli akazigawa kwa vibarua wa ujenzi. Nahodha Sayi naye, kila asubuhi, humpandisha angani nusu saa kabla ya kazi, na mvua zikianza watu wa Bonde watakuwa na wa kuwafuata.

Janeth ameomba kazi ya kufundisha shuleni. Oswaldi ametua mara moja na amekuwa mtu wa majivuno. Mimi na Mkurugenzi tunakaa kwenye benchi koridoni, tunasubiri zamu.

Wiki iliyopita nilikuwa nyuma ya kiti wakati Mkurugenzi anafanya jaribio lake la sitini na moja. Helikopta iliinuka, ikazunguka, ikajilaza kwa ubavu. Otilia alichukua kalamu.

"Umeanguka kwa nini, mzee?"

Mkurugenzi alijikohoza, ile sauti ya semina ikatoka.

"Kumejitokeza changamoto ya mwingiliano wa majukumu baina ya pua na mkia, hali iliyochangiwa na kukosekana kwa..."

Otilia aliandika yote kwa uvumilivu, ukurasa ukajaa, akageuza wa pili. Kisha ikawa zamu yangu. Nilikaa, nikainua, nikaenda kulia, nikaanguka.

"Umeanguka kwa nini, kaka?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno, miaka kumi na tisa ya maneno. Nikaona yote hayanisaidii kitu.

"Sijui kurusha, dada Otilia."

"Haya," alisema, akavuta kiti chake karibu na changu. "Basi tuanzie hapo. Ondoa mkono, tazama pedali kwanza."

Nyuma yangu Mkurugenzi aliinama hadi sikioni.

"Isakwisa," alininong'oneza, "hilo jibu umelitoa wapi? Niandikie na mimi, nitasaini."

Nilimwambia: hilo, mkuu, itabidi uliseme mwenyewe.